Hela ya nyumbani haipotei kwenye taa, inaungua jikoni

Kila anayetaka kufundisha watu kubana matumizi nyumbani huku wakitunza mazingira anaanza na taa. Zima taa ukitoka, chomoa chaja, tv isiongee peke yake sebuleni. Sawa, zima, nani kakataa. Ila kama unachotafuta ni hela basi kwenye taa hakuna hela ya maana siku hizi, na nasema hivi nikijua kuna baba wenye nyumba Dar hii wanazunguka koridoni saa nne usiku kuzima taa ya choo kama vile ndo imebeba uchumi wa ukoo mzima.

Usiniamini mimi, iulize mita yako. Mita nyingi za LUKU zina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1000 imeondoka uniti moja (zingine zimeandikwa namba nyingine, angalia ya kwako). Sasa zima kila kitu ndani, washa balbu moja ya LED ya wati 9, halafu simama hapo. Utasimama sana. Kitapepesa mara moja kila baada ya karibu dakika saba. Zima balbu, chomeka pasi ya wati 1000, kitaa kinapepesa kila sekunde tatu na nusu hivi. Washa jiko la koili la wati 2000, hata sekunde mbili haifiki. Hapo hauhitaji mtaalamu wa nishati, macho yako yanatosha.

Balbu hiyo ukiiwasha masaa matano kila siku, mwezi mzima inakula uniti moja na kitu. Somo la kuzima taa lilikuwa la kweli enzi za balbu zile za waya za wati 60, maana nyumba yenye balbu tano za vile ilikuwa inakula uniti 45 kwa mwezi kwa mwanga tu. Balbu zimebadilika ila somo halijabadilika, tunaendelea kuwapigia kelele watoto kwa mazoea.

Kinachokula ni joto na baridi. Kupika, kupasha maji, kupiga pasi, friji. Na katika hivyo vinne kupika ndo baba lao, halafu hapo kwenye kupika ndipo mazingira na mfuko wa mtu vinapokutana kabisa, kwa sababu Dar inapika kwa mkaa na mkaa unatoka kwenye misitu ya Kisarawe, Rufiji, Kilwa, Handeni, Kilosa huko. Kwenye tanuru la kienyeji kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo saba mpaka kumi za kuni. Yaani kabla mkaa haujafika Manzese sehemu kubwa ya moto wa mti ule imeshapotea porini kwa moshi, kisha unafika kwako unauweka kwenye jiko la bati ambalo linapeleka kwenye sufuria kama sehemu moja ya tano ya joto lote, zinazobaki zinapasha ukuta wa koridoni na miguu ya mpishi.

Twende kwenye hesabu, maana watu wanapenda kusema umeme unakula kuliko kila kitu na hawajawahi kukaa chini na kalamu. Bei utabadilisha uweke za mtaani kwako, mimi naweka hizi: mkaa shilingi 1,000 kwa kilo ukinunua kwa vifuko, gesi ya mtungi 3,800 kwa kilo, na umeme wa bei ya kawaida ya nyumbani, ule wa T1, ambao ni shilingi 292 na ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa nishati vijijini) na EWURA (mdhibiti wa bei) unafika kama 356 kwa uniti. Joto lote nalipima kwa uniti zilezile za mita. Kilo ya mkaa ina joto la kama uniti 8, jiko la bati linakupa 1.6 tu kwenye sufuria, kwa hiyo joto lililokupikia ugali limekugharimu kama 625 kwa uniti. Gesi ina joto la karibu uniti 12.8 kwa kilo, plate inapeleka kama nusu, unatoka na 595 hivi. Umeme kwenye koili ya kawaida, inayopeleka tuseme asilimia 70, ni kama 510. Umeona? Tena hiyo ni koili, jiko baya kuliko yote ya umeme. Mkaa huohuo ukiuweka kwenye jiko banifu lenye udongo ndani linalokamata asilimia 30 unashuka mpaka karibu 415, na wewe hujabadilisha chochote zaidi ya jiko. Wakenya walilijua hili tangu miaka ya 80 na jiko lao lile la bati lenye kikombe cha udongo, leo ukipita mitaa ya Nairobi ni kitu cha kawaida kabisa, wala hakuna anayekiita mradi.

Halafu kuna presha kuka ya umeme. Hii naipigia debe bila kulipwa na mtu. Maharage kwenye koili ni masaa mawili au zaidi, uniti mbili kwenda juu. Kwenye presha ya umeme ya wati 1000 inapasha, ikishafika presha inajikata, inakaa na joto lake kwa sababu ina koti ndani, mara mojamoja inajiwasha kidogo. Sufuria la maharage haliifikishi uniti moja, na ukiloweka usiku ndo inashuka zaidi. Sema ni chini ya 356 kwa maharage ya familia. Nitajie mkaa wa bei hiyo unaoivisha maharage, nauliza kabisa, uko soko gani?

Lazima niseme vilevile kwamba haipiki kila kitu. Chapati hapana, samaki wa kukaanga hapana, na ugali wa watu wanane utakuvunja mkono kwenye kile kisufuria chake. Lakini vyakula vinavyomaliza mkaa sio chapati. Ni maharage, makande, kongoro, nyama ya ng'ombe mzee, vile vinavyolala jikoni kuanzia saa tano mpaka saa nane mchana. Hamisha hivyo tu, vingine endelea navyo ulivyozoea.

Sasa swali linakuja, kama hesabu iko wazi hivi mbona watu wako palepale? Jibu la kwenye semina ni elimu. Wananchi hawana elimu ya nishati safi. Mimi hili silikubali hata kidogo. Mama anayeuza vitumbua anajua hesabu ya moto kuliko mtoa semina, anajua kopo moja la mkaa linatoa vitumbua vingapi na mvua ikinyesha inapungua kiasi gani. Tatizo lake ni ukubwa wa noti anayoweza kuitoa kwa mkupuo. Mkaa unauzwa wa buku mpaka wa jero. Mtungi mdogo wa kilo 6 kuujaza ni elfu ishirini na kitu, na haupimiwi wa jero. Presha ya umeme ni laki na kitu. Mtu anayepata elfu kumi kwa siku na inaisha siku hiyohiyo anaweza kuchoma elfu 60 ya mkaa kwa mwezi na asiwahi kuwa na elfu 25 mkononi kwa wakati mmoja. Hiyo sio ujinga, ni mtiririko wa hela tu ulivyo.

Ndo maana mitungi ya kugawiwa inageuka fenicha. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, REA wakashusha mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, wabunge nao wakagawa ya kwao yenye picha. Safi. Lakini ruzuku iliwekwa kwenye chuma, na chuma unanunua mara moja, gesi ndo unanunua kila mwezi. Ukiingia nyumba nyingi utakuta mtungi upo, umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake kuna redio. Na hapa nichomekee jambo ambalo watu wengi wanalichanganya: gesi ya mtungi sio gesi ya Mtwara. Ya Songo Songo na Mnazi Bay inakuja kwa bomba, nyingi inaishia kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Ya mtungi inakuja na meli kutoka nje kwa dola. Kwa hiyo ukipika kwa umeme, ule unaotoka Bwawa la Nyerere kule Rufiji na kwenye gesi yetu ya chini, unatumia cha nyumbani kuliko aliyebeba mtungi begani akijisifu katunza mazingira.

Kuna waliolielewa tatizo la noti. KopaGas walianzia hapahapa Dar na mtungi wenye mita, unalipia kwa simu kidogokidogo kama vocha, gesi ya buku inapika ya buku. Teknolojia ile ikanunuliwa na Circle Gas mwaka 2020 na ukiwa Nairobi leo watu wanaitumia kwa jina la M-Gas wanalipa kwa M-Pesa. Kitu kimezaliwa kwetu kikakulia kwa jirani, haya.

Turudi kwenye umeme maana hapo ndo kuna kidonda chenyewe, na sisikii kikiongelewa na hawa wa vidokezo kumi vya kuishi kijani. Kidonda ni mita ya kuchangia.

Kuna bei ya umeme inaitwa D1, ya mteja mdogo wa nyumbani ambaye hazidishi uniti 75 kwa mwezi. Bei yake ni shilingi 100, na makato kama 122. Theluthi moja ya T1. Iliwekwa ili mtu wa kipato kidogo apumue. Sasa mtu wa kipato kidogo Dar anakaa wapi? Anakaa chumba kimoja, nyumba ya vyumba sita, mita moja. Kila chumba kikitumia uniti 40, ambazo ni taa, tv, feni na kuchaji simu na labda kifriji, mita inasoma 240 na nyumba nzima iko T1. Wanalipa elfu 85 na zaidi kwa pamoja. Kila chumba kingekuwa na mita yake kwenye D1 wangelipa kama elfu 29 wote sita. Tofauti ni zaidi ya elfu 56 kila mwezi, inatoka kwa watu sita ambao ndo haswa bei ile ilitungwa kwa ajili yao, na mwenye nyumba ya ghorofa anayeishi na mke wake tu na mita yake anaweza kujikuta kwenye D1 akiwa makini kidogo. Nani alikaa akaliona hili akasema sawa?

Na ubaya wa mita ya kuchangia hauishii kwenye bei. Unaua kabisa sababu ya kubana. Mnachanga elfu tano tano au kumi kumi, mwenye friji na asiye na friji, ukizima feni usiku mzima ukalala na jasho lako faida inagawanywa kwa sita, kwako vinabaki vijisenti na mbu. Ukiwasha, hasara nayo inagawanywa. Kwa hiyo kila mtu anawasha, halafu kinafuata kikao cha wapangaji, halafu zinafuata sheria: hakuna hita, hakuna jiko la umeme, pasi Jumapili tu. Ndo hapo unamkuta kijana wa watu anapika wali kwenye rice cooker kaifunika blanketi ili chumba cha pili wasisikie ikibofya, na dada wa chumba cha tatu anapalia mkaa koridoni akikohoa, wakati hesabu niliyopiga pale juu inasema kupika kwa umeme kungewasaidia wote. Nyumba imepiga marufuku nishati safi kwa sababu ya mita.

Mtu atasema si waweke mita zao. Mjini kuunganishiwa umeme kwa mteja wa karibu na nguzo ni shilingi 320,960, vijijini 27,000. Mpangaji wetu wa uniti 40 akipata D1 anaokoa kama 9,400 kwa mwezi, kwa hiyo hela yake inarudi baada ya karibu miaka mitatu. Mkataba wake ni wa miezi sita. Hataweka mita ya laki tatu kwenye nyumba ya mtu ambaye mwezi wa saba anaweza kumwambia mdogo wangu anarudi kutoka Tabora anataka chumba. Na baba mwenye nyumba naye haweki, kwa nini aweke, umeme hanunui yeye, tena tangu 2021 hata kodi ya jengo lake inakatwa kwenye LUKU inayonunuliwa na wapangaji. Kila mmoja kwa nafasi yake anafanya kitu cha akili, ukijumlisha unapata upuuzi.

Hata mwenye mita yake mwenyewe kuna mtego unamsubiri. Chukua nyumba iliyo D1 inayotumia uniti 70, inalipa kama 8,500. Wakasikia tangazo la nishati safi, wakanunua presha na jiko la umeme, wakaongeza uniti 40 za kupika. Wamevuka 75, wakihamishiwa T1 basi uniti zote 110 zinahesabiwa 356, bili inakuwa kama elfu 39. Zile uniti 40 za kupika zimewagharimu zaidi ya elfu 30, yaani zaidi ya 760 kwa uniti, ghali kuliko gesi, ghali kuliko mkaa kwenye jiko la bati. Kwa sababu presha haitumii nyingi bado wanaweza kuwa mbele kuliko walivyokuwa wakinunua mkaa wa elfu mbili kila siku, ila wao hawaoni hivyo, wao wanaona LUKU ya elfu kumi iliyokuwa inamaliza mwezi sasa inaisha wiki moja, na jiko linarudishwa kwenye boksi lake. Kisha tunasema hawana elimu!

Uganda waliuona mtego huu. Waliweka bei ya kupikia, ukivuka uniti 80 kwa mwezi mpaka 150 bei inashuka badala ya kupanda, ilianza kwa shilingi 412 za kwao wakati uniti nyingi za chini yake zilikuwa zinapita 700. Sisi tuna mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watu kwenye mkaa na bei ya umeme inayowapiga faini wakitoka. EWURA wanapanga bei, TANESCO wanauza, wizara ndo imeandika mkakati, sidhani kama kuwakutanisha chumba kimoja kunahitaji mfadhili.

Mengine yapo na yana hela yake, nayapitia harakaharaka. Friji la mtumba lile la milango miwili lililoshuka bandarini linaweza kula mara mbili au tatu ya jipya dogo, kwa hiyo kabla ya kufurahia bei lipime: zima vyote usiku, soma mita, asubuhi soma tena. Mpira wa mlango ukiwa umelegea, karatasi ukiibana na mlango inachomoka kirahisi, badilisha mpira kabla hujamwita fundi wa gesi. Maji ya kuoga ya moto ni mambo ya Arusha, Mbeya na Iringa, Dar sielewi, lakini kama lazima, shawa ya umeme ya wati 4,500 kwa dakika kumi inakula robo tatu ya uniti wakati ndoo ya lita kumi ya uvuguvugu haifiki robo. Maji ya kununua ndoo ya lita 20 shilingi 100, ndoo hamsini ndo uniti moja ya bomba, umelipa 5,000, ni ugonjwa uleule wa rejareja. Sola ya juu ya paa kwa mpangaji wa mjini naiweka pembeni, paa sio lake. Na duka la Mangi linalopima mafuta ya kula kwenye chupa yako ndo duka la kijani kuliko maduka yote yenye neno hilo kwenye bango, ila kwa lita bado linakupiga kidogo.

Ila kama ningeombwa jambo moja tu ningesema mita za wapangaji ziwekwe kwa mkopo unaokatwa kwenye manunuzi ya umeme. Mfumo unajua kukata kodi ya jengo mpaka senti ya mwisho, unashindwaje kukata elfu tano kila mwezi ya deni la mita? Kwa 320,960 ni kama miaka mitano na miezi kadhaa, mita inabaki kwenye chumba, mpangaji akihama anayeingia anaendelea nalo, baba mwenye nyumba hajatoa shilingi. Mpangaji wa uniti 40 bado anabaki na elfu nne na kitu mfukoni kila mwezi, na kwa mara ya kwanza akizima feni anazima ya kwake.

Mpaka hilo litokee, nyumba za vyumba sita zinaweza kuchanga wakafunga mita ndogo za pembeni kila chumba. D1 haziwarudishii, bei inabaki T1, ila kila mtu atalipa alichokula na lile katazo la kupika kwa umeme linakosa sababu. Fundi anazifunga ndani ya siku moja. Jiandaeni tu, wiki ya kwanza kuna mtu ataanza kusema mita yake ni mbovu, na huyo mara nyingi ndo mwenye hita.